Shingo ya Lornah

Obunga,
S.L.P. 1163,
Kisumu.
14 Agosti, 1994.

Mpendwa dada Seline,

Mnaendeleaje huko Mombasa? Sisi tuko salama, ila malaria ilimshika mume wangu Zadock wiki moja, ikamwachia uvivu wa mwezi mzima. Natumaini miguu yako imeacha kuvimba na watoto wanakula vizuri.

Lornah, mke wa shemeji yangu, bado anapokea simu kwenye ile ofisi ya kampuni ya samaki. Nami bado nawapelekea chai, yeye na meneja. Yeye ana kiti kinachozunguka, mimi nina birika. Usiniulize kama namwonea wivu, unanijua.

Mwezi wa sita shingo yake ilianza kulala upande wa kushoto. Kumwangalia mtu, lazima ageuke na kiti chote. Mama mkwe hakutafuta sababu mbali.

"Perez, yawa, punguza hayo macho! Umemtazama mwenzako mpaka amepinda."

Wakamwita mkandaji, akawa anampaka mafuta ya samaki wa mbuta kila Jumamosi. Ofisi ikanuka, shingo ikabaki vile vile.

Lakini niliona kitu. Jumatatu shingo ilikuwa na nafuu, Ijumaa imelala kabisa. Sasa ni jicho gani baya linaloenda mapumziko Jumapili? Nikaanza kumimina chai polepole, nikiangalia. Simu zikiingia kutoka Asembo Bay, watu wa ufukweni wanataja kilo za mbuta mbio mbio. Lornah mkono mmoja unashika daftari, mwingine unaandika, simu ameibana kati ya sikio na bega. Nusu saa nzima hivyo. Na simu yenyewe inakaa juu ya kabati, waya mfupi, kwa hiyo anaifuata na mwili.

Ningenyamaza tu. Meneja alishasema shingo isipopona mwisho wa mwezi wa saba atatafuta mtu mwingine, na alishaniuliza kama najua kuandika hesabu za kilo.

Halafu siku moja nikamkuta analia, simu bado begani, machozi yanalowesha kilo za watu. Nikaweka birika chini. Nikahamisha simu mezani, nikaweka jiwe la mizani juu ya daftari lisiteleze.

"Shika kwa mkono, mama. Lete simu sikioni, usiipelekee shingo. Ukichoka badili sikio, na wakikata simu, simama ujinyooshe. Wakikimbia sana, waambie wangoje."

"Na wakikasirika?"

"Samaki wenyewe wameshakufa, hawana haraka."

Wiki tatu tu, shingo imesimama. Lornah alinikumbatia mbele ya mama mkwe akasema ni mimi niliyegundua. Mama mkwe akaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikatazama chini.

Nakuambia wewe peke yako, dada: sababu niliijua siku tisa kabla. Siku tisa nilimmiminia chai huku nikihesabu zimebaki ngapi mwezi uishe. Kiti bado nakitaka. Ila siku hizi nikiingia, kabla sijamsalimu, namwambia akae vizuri.

Nisalimie shemeji Walter na mtoto Awuor, umwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mungu awafunike nyote, na awapunguzie joto la huko.

Mdogo wako anayekupenda sana,
Perez