Miraba kwenye Mguu wa Maman

Jumamosi, Novemba. Asubuhi mvua, mchana mawingu, na sasa jua la jioni limelala juu ya migomba, lina rangi ya chai. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Mbele yangu, kwenye meza ya jikoni tuliyoileta uani, bandeji ya Maman imelazwa ikauke. Naitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mchanga aliyelala, akiogopa hata kukohoa.

Najua ni kitambaa tu.

Lakini leo Maman amevuka daraja kwa miguu yake mwenyewe, na mimi tangu turudi siwezi kufanya kazi yoyote. Madaftari ya wanafunzi yananisubiri ndani. Yasubiri.

Niliandika kwa kifupi kwenye kurasa hizi kwamba Maman alianguka. Alikuwa anashuka njia ya nyuma ya nyumba, udongo umelowa, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani. Kifundo kikavimba kabla hajafika mlangoni. Kwenye kituo cha afya wakamgusa mifupa, wakasema hakuna uliovunjika, kano ndizo zilizovutika kupita kiasi. Muuguzi, kijana mwenye miwani na sauti ndogo, akamfunga bandeji ile inayovutika, rangi ya maziwa ya jana. Akasema apumzike, ainue mguu, aivue bandeji usiku, na maumivu yakipungua aanze kutembea kidogo kidogo.

Maman alisikia neno moja tu: kutembea.

Siku nyingine Maman huvuka mpaka kwenye daraja la Rusizi II na vitenge vyake vya kuuza. Jumamosi habebi hata kimoja. Jumamosi huenda kwa Koko, mama yake, upande wa Bukavu, kumsuka nywele. Koko hamruhusu mtu mwingine kumshika kichwa. Ana wajukuu kule kule, wana mikono mizuri, lakini wakikaribia na kitana anawafukuza. Kufika kwake, pikipiki inakuacha mpakani, daraja unalivuka kwa miguu, pikipiki ya pili inakupeleka mpaka barabara inapokwisha. Hapo zinaanza ngazi zilizochongwa kwenye udongo wa mlima, na mlango wa Koko uko juu kabisa. Koko mwenyewe hashuki tena. Maman asipoweza kupanda, hawaonani. Ni hivyo tu.

Jumamosi ya kwanza Koko alipiga simu. "Kichwa yangu imekuwa pori," akasema, sauti imejaa chumba kizima. "Kesho nyoka ataingia." Maman alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumamosi ya pili hakukuwa na utani. Koko aliuliza swali moja: "Utakuya kunikuta, ao utakuya kunizika?"

Maman akaweka simu chini. Akakaa. Kisha akasema kwa upole, bila kunitazama, "Mwalimu, biatu byangu biko wapi?"

Huniita Mwalimu ninapomkera. Viatu nilikuwa nimevificha, ndani ya sanduku langu, chini ya mitihani ya muhula uliopita.

Niseme ukweli. Niliogopa, na nikiogopa mimi hushika kitu na kukivuta mpaka mwisho. Walimu wenzangu wanalijua hilo. Hata kamba ya kiatu nikiifunga, kuifungua inahitaji meno. Na bandeji nayo, mara ya kwanza kuifunga peke yangu, niliivuta hivyo hivyo. Nilifikiri: ikikaza zaidi, italinda zaidi. Nikavuta mpaka kitambaa kikabaki hakina pa kwenda, nikakibana kwa pini, nikaenda jikoni nikiwa nimeridhika.

Baada ya muda nikasikia sauti kutoka chumbani.

"Mwalimu, kuya uone. Bidole byangu binalala."

Vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa namna isiyo yetu, na baridi kama mawe ya mtoni. Nilifungua bandeji haraka. Rangi ilirudi polepole, kidole kimoja baada ya kingine, na mimi nikivihesabu kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali.

"Juu ya nini unafunga muguu ya muntu sawa vile muzigo ya kupandisha mu kamyo?" Maman akauliza. Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Tukarudi kwa yule muuguzi. Hakunigombeza. Alifunga upya, taratibu, akiniacha nione. Alianzia pale vidole vinapoota, akapanda. Kila mzunguko ulifunika nusu ya mzunguko uliotangulia. Kwenye kifundo mkono wake ulichora nane, chini ya wayo, juu, nyuma ya kisigino, juu tena. Vidole vyenyewe akaviacha nje.

Nikamuuliza kwa nini vidole havifungwi.

"Ili vituambie," akasema.

Nikamuuliza nivute kiasi gani. "Nusu tu. Usiimalize bandeji, iache ibaki na nguvu yake."

Nusu ya nini? Ninafundisha hesabu, siwezi kulala na nusu isiyo na kizima chake. Alitabasamu akasema mkono utazoea. Lakini mguu wa Maman si mahali pa mkono wangu kuzoelea. Nusu ile ilikuwa kwenye vidole vya muuguzi, na sisi tulikuwa karibu kupanda kilima kurudi nyumbani bila yeye.

Ndipo nikatoa kalamu na rula kwenye mkoba. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya kituo, nikaanza kuchora miraba midogo juu ya bandeji, ikiwa imefungwa hivyo hivyo mguuni.

"Eh! Unaandika leson ku muguu yangu?" Maman akashtuka. "Sasa batu ba mu njia batasoma?"

"Mwache, Mama," akasema muuguzi. "Mwalimu hakosi ubao."

Jioni nilimvua, nikaitandaza bandeji sakafuni. Miraba haikuwapo.

Mahali pake palikuwa na mistatili mifupi, iliyobonyea, kama matofali. Kitambaa kilikuwa kimerudi kwenye urefu wake na kuivuta miraba yangu pamoja nacho. Nilikaa chini nikaitazama mpaka nikaelewa nilichokuwa natazama. Kila tofali lilikuwa limehifadhi mkono wa yule kijana. Nguvu aliyovutia, kiasi chake, ile nusu isiyo na jina, yote ilikuwa imelala mle kwenye wino ikingoja. Kesho yake nilichotakiwa kufanya ni kuvuta mpaka tofali liwe mraba. Likishakuwa mraba, nisimame.

Nikavuta. Likawa mraba. Nikasimama.

Vidole vilibaki na joto. Maman alivichezesha kimoja kimoja, kama watu wanaopunga mkono kutoka dirishani.

Miaka yote ninachora maumbo ubaoni, na ubaoni umbo hukaa lilivyo. Sijawahi kuona umbo linalomwambia mtu: inatosha.

Tulipokwenda tena kituoni, nilimwonyesha muuguzi uvumbuzi wangu, na nakiri nilikuwa na majivuno kidogo. Aliuangalia, akaenda kabatini, akarudi na mikono mitupu. "Zenye alama zimeisha hapa," akasema. "Lakini zipo, Mwalimu. Kuna viwanda vinazichapa hivyo hivyo. Mistatili midogo, ukivuta sawasawa inakuwa miraba."

Nilidhani nitaumia. Badala yake nilitoka nje, nikasimama chini ya paa la baraza, watu wakinipita.

Kuna mtu aliyezibuni. Sijui jina lake wala nchi yake. Alikaa mezani akamfikiria mtu mwenye mikono ya woga, aliye mbali na muuguzi, mwenye mguu wa mtu anayempenda mbele yake. Alinifikiria mimi kabla sijaogopa. Tena alitafuta njia ambayo haihitaji kusoma, wala Kifaransa, wala Kiswahili, wala shule yoyote. Jicho tu. Halafu akaenda zake na hakuna anayemtaja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichunguza bandeji kama ninavyochunguza barua. Kwenye ncha yake ilianza kufumuka, nikachomoa uzi mmoja. Haukunyooka. Uliruka, ukajikunja vijipete vidogo vidogo kwenye kiganja changu. Nikaunyoosha, nikauachia, ukajikunja tena. Maman ameshika vitambaa maisha yake yote. Aliuchukua, akaupeleka kwenye mwanga.

"Njo nywele ya Koko," akasema.

Ni nywele za Koko hasa. Nikachomoa mwingine uliokuwa kando yake, na huo ulijikunja kuelekea upande wa pili. Nilisoma baadaye nikajua sababu. Ni pamba tupu, bandeji hii haina mpira ndani yake. Uzi umesokotwa kwa nguvu nyingi kiasi kwamba hautulii, siku zote unatafuta kurudi. Wa jirani umesokotwa kinyume, ili kitambaa kisipinde kufuata upande mmoja. Nguvu yote inayoshika mguu wa mama yangu ni uzi unaotaka kurudi nyumbani.

Na ikichoka? Wiki hii ilichoka. Ililegea, matofali yangu yakawa marefu hata bila kuvutwa, nikajua imekwisha. Maman akasema tuifue kwanza kabla ya kulia. Nikaiosha kwa maji ya vuguvugu, bila kuikamua, nikailaza kivulini. Ilipokauka ilikuwa imejikusanya tena, fupi na nene, na wino umefifia lakini unaonekana. Maji tu! Nilimwita Maman aje aione, na tukasimama wawili juu ya meza kama watu waliotembelewa.

Jana, Ijumaa, nilirudisha viatu.

Muuguzi alikuwa amesema anaweza kwenda, polepole, na fimbo, na bandeji. Lakini si yeye aliyenishinda. Ni hiki kitambaa. Plasta ile ngumu ya mfupa uliovunjika ingeuambia mguu usiende popote. Bandeji inauacha uende, na unapotaka kupinda kule kubaya inauvuta kidogo, ukumbuke. Majuma mawili mimi nimekuwa plasta. Nilivitoa viatu chini ya mitihani, nikavipangusa, nikaviweka mlangoni. Maman alivikuta asubuhi. Akaninyooshea mguu nimfunge.

Tofali, mraba. Tofali, mraba. Mpaka juu.

Mpakani malori ya saruji yalikuwa yamepanga foleni. Katikati ya daraja Maman alisimama apumzike, Rusizi ikipiga kelele chini yetu, nyekundu kwa mvua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kumshika kwapani. Aliutazama mkono ule. Nikaushusha.

Mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya, mwenzake wa biashara, akamwona. "Maman, leo hauna bitenge? Umebeba nini?"

"Nimebeba muguu," akajibu Maman, akaendelea kutembea.

Zile ngazi za udongo tulizipanda kwa mapumziko mengi. Sikuzihesabu. Nilitazama vidole tu, vilivyotokeza kwenye kiatu cha wazi, vikiwa na matope na rangi yao nzuri.

Koko alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, kitambaa kichwani. Hakuinuka. "Ulikawia," akasema. "Nyoka ameshazaa."

Kisha akalia. Maman naye. Walikaa hivyo, paji la uso kwa paji la uso, na mimi nikageuka nitazame ziwa kwa mbali kwa kuwa sikujua pa kuweka macho.

Aliponyamaza, Koko aliona mguu. "Nani alikuchora manyumba ku muguu?"

"Mwalimu."

Alipitisha kidole chake juu ya mraba mmoja, halafu mwingine, kama anayetafuta kasoro.

Maman aliketi kitini, akaweka mguu juu ya kigoda, Koko akaketi mkekani mbele yake, na kitambaa kikafunguliwa. Pori lilikuwa kweli, jeupe lote. "Vuta," Koko akaamuru, "lakini uniachie akili." Na Maman akaanza. Nilikuwa nimeona jambo hili tangu utotoni na sikuwa nimeliona. Anagawa, anasokota, anavuta, na kabla tu ya kuuma anaachia kidogo. Tena na tena, kichwa kizima. Hakuna mraba uliochorwa pale. Koko alisinzia kabla ya msuko wa nne, kichwa kwenye goti zima la Maman, mdomo wazi.

Tuliporudi nilimfungua mguu. Umevimba kidogo, una joto, hauna ubaya. Kwenye ngozi bandeji imeacha alama zake, vimistari vidogo sana vilivyopishana, kila uzi na mahali pake. Nilivitazama mpaka ngozi ikavimeza.

Nilipokuwa nasuuza bandeji, Maman aliniita kwa jina. Si Mwalimu.

"Aline. Kesho nitafunga miye mwenyewe. Kare zako, ile miraba, nimeziona."

Nilitaka kusema ataukosea mzunguko wa kisigino. Nilitaka kusema hawezi kuinama vizuri. Nikasema sawa, Maman.

Bandeji inakaribia kukauka. Matofali yamerudi.

Kesho asubuhi nitaketi mbele yake, nitaikalia mikono yangu yote miwili, na nitatazama vidole.