Jaji wa Majuu na Kaburi la Ouma

Jumanne, Migori

Nyota yangu inang'aa, wenye wivu wanune tu. Nani mwingine hapa Migori ameitwa na jaji wa majuu, apande ndege akaeleze vile ndugu yake alifukiwa kwenye shimo la dhahabu la kampuni ya kwao?

Nilivyorudi kutoka kwa wakili kule Homa Bay, nilimkuta Akinyi, binti wa Kendu, mjane wa ndugu yangu Ouma, akifagia kaburi tupu kando ya nyumba.

"Shemeji, wamekubali kesi?"

"Wamekubali, nyar Kendu! Nitafutie koti zito, hao watu wanaishi ndani ya friji."

Alicheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

"Umwambie huyo jaji, kampuni ilileta tenti na ng'ombe wa matanga. Mtu wangu haikumtoa shimoni."

Nikasema nitamwambia hivyo hivyo.

Kampuni yenyewe ilifunga ofisi ikaenda kwao. Hapa limebaki tangi la maji la shule, lenye jina lao kubwa, eti msaada kwa jamii.

Hakuna ndege. Jaji amesema Ouma alikufia Kenya, basi tushtaki Kenya. Wakili akaniuliza, hapa tutamshtaki nani, tangi?

Sijaitwa popote. Nimemdanganya Akinyi.