Wa Nne ni Kicheko

3 Februari

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanangu hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima kupita kiasi. Ndoa ina wiki tatu, na bado nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo hunienda mbio kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Shemeji yako, kama ujuavyo, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila jioni akitoka karakana tunavuka daraja la waenda kwa miguu, linalotoka mtaani kwetu, juu ya maji, hadi bustani ya ufukweni. Yeye na wenzake wanne ndio waliochomelea vyuma vyake. Dada, kuna raha gani kuzidi kukanyaga kazi ya mkono wa mumeo?

Na ana mchezo wake. Katikati ya daraja husimama, akaweka kiganja kwenye ukingo, akaita wenzake kwa majina ya utani: Bisibisi, Twiga, Kobe. Mimi najibu kila jina, "Yupo." Likifika la nne, Kicheko, ananiwekea kidole mdomoni. Tunasubiri kimya, kisha tunaendelea. Sijui tunasubiri nini, lakini kile kidole, dada, ningesubiri hata mwaka.

Mdogo wako mwenye furaha

12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri wangu, watoto wanakusalimu. Barua yako ilikuwa na asali, ikabidi ninawe mikono.

Ila nikuulize, bibi harusi: huyo Kicheko yuko wapi? Mtu hasubiri jibu kila jioni kwa mchezo. Muulize mumeo, tena kwa upole. Usije ukapewa nusu ya mtu ukashukuru kama umepewa mzima.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Sisi afya ipo, mengine sijui niseme nini.

Sikumuuliza. Nilifanya mzaha. Alipoita "Kicheko," nilisukuma kidole chake, nikajibu kwa sauti nene ya kiume, "Yupo." Akaniachia mkono. Akakaa chini pale pale kwenye mbao, watu wakitupita, akanieleza.

Walipokuwa wakijenga, kila jioni kabla geti halijafungwa, msimamizi aliita majina ili asiachwe mtu juu. Kicheko alikuwa na tabia ya kutoroka mapema, na wenzake walimjibia. Jioni moja zamu ya kumjibia ilikuwa ya mume wangu. Akasema, "Yupo." Geti likafungwa, kumbe siku hiyo Kicheko hakuwa ametoroka. Asubuhi walimkuta Kicheko kwenye mawe chini ya nguzo ya kwanza, amekufa. Damu ilionyesha kwamba alikuwa ameanguka, kisha akajivuta hatua kumi na mbili kuelekea mtaani.

Wenzake walinyamaza, maana kila mmoja alishawahi kumjibia. Mama yake anaishi nyumba ya mwisho, pale daraja linapoanzia. Aliambiwa mwanawe alikufa papo hapo. Mume wangu humwamkia kila tunapopita, naye hutuita maharusi wake.

Tangu nijibu lile jina, hali akashiba. Analala amenipa mgongo. Nimemwambia mara mia kwamba si kosa lake, wala haisaidii. Namtaka mume wangu, dada. Nifanyeje?

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Acha kumsamehe. Hakukukosea wewe. Mwenye msamaha ana nyumba, na mlango wake mnaujua. Mpeleke, ukae naye, ufunge mdomo.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Hatuumwi. Nimekawia kwa sababu ilimchukua wiki tano kukivuka kile kizingiti.

Tulikwenda jana. Mama Kicheko alifurahi. "Maharusi wangu, kumbe kwangu mnapajua? Nilidhani mnajua bustani tu." Mume wangu alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, wala hakujitetea.

Mama hakulia. Aliuliza, "Geti mlifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, mama."

"Saa moja nilisikia mtu anaita. Nikasema, walevi wa bustanini hao. Nikafunga dirisha." Alimsogezea kiti. "Baba yake amekufa sijamwambia. Kaa, mwanangu. Utasimama mpaka lini?"

Hapo wakalia wote wawili, na mimi nikawa mgeni kwa mume wangu mwenyewe. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Niliporudi walikuwa bado wanaongea kwa kunong'ona, nikaona nimsubiri bustanini.

Nilivuka peke yangu. Jua lilikuwa bado linawaka juu ya maji. Katikati, mbao zilitikisika nyuma yangu: hatua za mtu mmoja, mwendo wake ni mwendo wangu. Nikisimama, zinasimama. Sikugeuka, dada. Niliegemea ukingo, nikampisha.

Zikanipita, wala sikuona mtu. Zikateremka upande wa bustani, daraja likatulia.

Mume wangu alinikuta nimeegemea pale pale. Alikuwa ameniona kwa mbali. Hakuita jina la mtu yeyote. Aliniuliza, "Ulikuwa unampisha nani?"

Nikamwambia, "Mtu anakwenda zake."

Mdogo wako