Kila Kikao Tunalia, Kisima Hakichimbwi

Mpendwa Mama Ghati, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijasema neno la kumuumiza mtu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kisima katika kitongoji chetu huku nje ya Kharumwa, na tangu pampu ya zamani ife tunakutana kila Jumapili baada ya ibada ili tuamue jambo moja tu, kisima kipya kichimbwe upande wa shule au upande wa mnadani, fundi yuko tayari anasubiri jibu letu, lakini hatujawahi kufika hapo, maana katika kamati yupo Mama Mageni, ambaye mumewe Ignas alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la wachimbaji, akichimba dhahabu mwaka jana, na kila nikifungua kikao kwa kumpa pole, kama utu unavyotaka, yeye anasimama kushukuru, na kushukuru kwenyewe kunageuka kumsimulia marehemu, alivyoondoka bila kunywa uji, alivyomtania mlangoni, nasi tunalia, halafu mwingine anakumbuka msiba wake, mwingine anaingiza habari za ng'ombe, jua linazama tunafunga kwa sala. Wakati huo watoto wanateka maji kwenye shimo la zamani la wachimbaji lililojaa mvua, na juzi binti yangu Nelly aliteleza, bahati mwenzake alimdaka gauni, na tangu siku hiyo sina usingizi. Mzee Thobias aliniambia mbele ya watu, "Mayu, mama yetu, machozi hatunywi," nikamchukia kwa kusema nilichokuwa nakiwaza. Nimefikiri nimtoe Mama Mageni kwenye kamati, lakini nikimwona anakuja na kigoda chake kabla ya wote nakosa ujasiri. Nimnyamazishe mjane, mama, au nisubiri shimo lichukue mtoto?

Generosa

Marahaba, Generosa. Pole sana kwa Nelly. Shimo hilo lizungushieni miiba leo hii, na mtu mzima aende na watoto wakiteka. Hilo halihitaji kikao.

Sasa nikugombeze kidogo. Anayekivuruga kikao nimemwona, na ni wewe. Unagusa kidonda cha mtu mbele ya watu kila wiki, kisha unashangaa akilia. Na mbona barua yako ndefu yote haisemi popote kwamba umekwenda nyumbani kwake? Nadhani hujakwenda tangu matanga yaanuliwe, na wenzako vilevile. Mnampa pole kikaoni mnaona mmemaliza. Mwanamke anayewahi na kigoda chake kabla ya wote hajafuata kisima tu, mwanangu. Amefuata watu.

Kwa hiyo usimtoe, wala usimnyamazishe. Jumamosi nenda kwake, na habari ya kisima iache nyumbani. Kaa umenye naye viazi, umuulize Ignas alikuwa mtu wa namna gani, umsikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Akirudia yaleyale, yasikilize tena. Ukilia, lia, hapo ndipo mahali pake.

Jumapili fungua kwa sala fupi, kisha sema: leo tuna jambo moja, shule au mnadani. Kila mjumbe ataje upande wake na sababu yake, mmoja baada ya mwingine. Mwenye ng'ombe wake mwambie kwa upole kwamba utamsikiliza mkishaamua, na kweli umsikilize. Mama Mageni naye umuulize swali hilohilo, kwa sababu yeye ni mjumbe, ingawa mmekuwa mkimwona mjane tu. Asiinuke mtu kabla ya jibu, na Jumatatu asubuhi fundi alipate.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Maji yatatoka, mtashangilia, na vikao vitakwisha. Itafika Jumapili ambayo Mama Mageni atatoka ibadani bila pa kupeleka kigoda chake. Siku hiyo, Generosa, awe kwako.