Bunduki ya Upepo na Nyonga Yako

Ndugu yangu Wafula,

Salamu zikukute hapo Ndalu ukiwa umeketi, maana nasikia siku hizi kusimama kwako ni mradi. Mahindi yamefika wapi? Mvua imeshika? Na yule ng'ombe mwekundu asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine, bado anakuringia? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya Uingereza inaendelea na kazi yake, nami nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikitaja mguu tu, mtandao wa Ndalu unapotea. Nikiuliza habari za mpira unarudi. Basi karatasi haikati. Nimempa Nekesa, binti wa dada yetu, anayekuja huko likizo. Maandishi nimeyafanya makubwa ili usisingizie miwani.

Shemeji Nafula ameniambia yote. “Shemeji, huyu ndugu yako atanimaliza,” alisema. “Tumeenda Kitale mpaka kwa dokta wa mifupa. Dokta anamuuliza, mzee, inauma wapi? Yeye ati iko sawa tu, inakaza kidogo asubuhi! Tukarudi na tembe za maumivu kama watu wa mafua. Na si ni mimi namvalisha soksi kila siku?”

Nilicheka, kisha nikaogopa. Dokta hawezi kumpasua nyonga mtu anayesema yuko sawa. Nafula anasema mmepewa nafasi ya kurudi mwezi ujao, na wewe umeshaanza kusema hakuna haja. Wafula, naogopa usije ukakaa kwenye hicho kiti cha barazani mpaka kikawa ndilo shamba lako.

Sikukemei. Mimi mkubwa wako nimefanya ujinga huohuo, tena kwa ajili ya mchezo. Nakueleza, ukitaka kucheka cheka.

Unajua tangu nistaafu kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa, na tangu Rosa wangu anitoke, siku zangu zinafanana. Isipokuwa Jumatano. Jumatano alasiri tunakutana wazee sita kwenye ukumbi wa kanisa kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Usishtuke, ni mchezo wa wazee, kama drafti pale sokoni. Kuna bamba la chuma lenye tundu dogo kama kifungo cha shati, na nyuma yake kengele. Ukipitisha kirisasi tunduni, kengele inalia na wote wanaita jina lako. Wanalivunjavunja hilo Simiyu, lakini wanaliita. Kuna wiki nisingelisikia popote pengine.

Nilikuwa naazimwa bunduki ya mwenzetu mmoja. Alipohamia kwa binti yake akaondoka nayo, ikabidi ninunue yangu. Bunduki hizi hazina baruti, Wafula. Chini ya mtutu kuna mkono wa pampu. Unaufungua, unaufunga, upepo unashindiliwa ndani. Ile niliyoichukua dukani ilitaka kupampiwa mara tano, na kila mara ni ngumu kuliko iliyotangulia. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani kichwani, alinipa nijaribu. Mara ya kwanza sawa. Ya pili nikasikia bega likilia. Ya tatu, ndugu yangu, nilihisi kama mtu ananichomoa mkono.

Yule mama akauliza, “Inakuumiza?”

Unajua nilifanya nini? Nilikaza macho ukutani, sikupepesa, sikumeza hata mate. Nikasema, “Hapana.” Mzee mzima wa miaka sitini na nane, katikati ya duka la Wazungu, nimesimama kama siku ile tuliyotahiriwa, nina tope la mtoni mwilini na ngariba yuko mbele yangu! Nilikuwa nasikia sauti ya Baba kabisa: “Atakayepepesa jicho asinirudie nyumbani.” Nikainunua.

Nyumbani sikuweza kupampu zaidi ya mara mbili. Upepo ukiwa mdogo kirisasi kinaanguka kabla hakijafika juu, kwa hiyo kila Jumatano nilikuwa napiga chuma chini ya tundu. Ta! Ta! Kengele kimya. Nikawa nafika mapema, najificha kwenye chumba cha viti vya kanisa nikisukuma kwa goti kama mtu anayekamata kondoo. Haikusaidia. Baada ya Jumatano nne hivi, mkubwa wetu, mzee Harold mwenye miaka themanini na moja, akaniambia kwa upole kwamba kuna mtu anaomba nafasi, na labda mimi nimechoka. Nilirudi nyumbani nikaketi na koti langu mwilini. Niliona Jumatano inakwenda, na zile siku nyingine sita zinasogea kuijaza nafasi yake. Niliumia, sikufichi.

Asubuhi yake nikarudi dukani. Yule mama akauliza, “Imeharibika?”

Nikasema, “Haijaharibika. Inauma.”

Neno moja tu, Wafula, na lilinitoka kwa shida kuliko zile pampu tano. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisema, “Bega gani? Inua mkono, nione unafika wapi.” Kisha akanivutia kiti. Akaleta moja ambayo unakunja mtutu mara moja tu, lakini kule kukunja kulitaka mtu wa kubeba magunia. Akaleta nyingine yenye chupa ya upepo uliokwisha jazwa, hiyo haihitaji kupampiwa kabisa, ila nzito, na upepo ukiisha lazima uirudishe dukani. Ya tatu ilikuwa nyepesi, mkono wa pampu mrefu, mahali pa kushika papana, na mara tatu zinatosha. Nikapampu mara moja nikasema naichukua.

“Ngoja,” akasema. “Mara ya kwanza kila mtu ni kijana. Pampu mara kumi.”

Nikapampu mara kumi, nimeketi, kitako cha bunduki kikiwa kwenye paja. Bega lilinung'unika, halikulia. Akakubali kubadilishana.

Jumatano kengele ililia mara saba. Mzee Harold akaja kuishika bunduki yangu, akaufungua ule mkono na kuufunga, kisha akanong'ona, “Usiwaambie hawa. Yangu huwa mke wangu ananipampia nyumbani kabla sijaja.” Kumbe! Wote tulikuwa tumesimama hivyo, kila mtu anatazama ukuta wake.

Sasa nikukumbushe jambo. Unakumbuka Baba alipong'olewa jino pale Bungoma, mimi na wewe tukisubiri nje? Alipiga kelele mpaka mama wa ndizi akaacha ndizi zake. Alipotoka akifuta machozi akatuuliza, “Mnaangalia nini? Jino ni jino.” Ni Baba yuleyule. Kile kisu kilikuwa cha asubuhi moja, Wafula, na tulikimaliza sote wawili vizuri. Hakuna mahali alipotuambia tukisimamie mpaka uzeeni. Nyonga ni nyonga.

Nisalimie shemeji Nafula, mwambie soksi zako Mungu anaziona. Salimia binti yako mwalimu kule Kabuchai, na mume wake aliyetuchongea msalaba wa kaburi la Mama. Msalimie jirani yako anayesaga unga kwenye posho mill, aache kukwambia dawa ya mguu ni mchuzi wa kwato. Dada yetu wa Kanduyi nimemwandikia kivyake. Yeye ndiye atakayekupeleka Kitale, na nimemwambia aingie nanyi kwa dokta, akae kati yako na mlango.

Dokta atakuuliza tena kama inauma. Siku ile ya tope nilitangulia mimi kusimama, ukanifuata. Hata hili neno nimetangulia kulisema, wala sikufa. Zamu ni yako.

Ni mimi kaka yako,
Simiyu