Kompyuta Uliyonirudishia

Salehe, rafiki yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Nakaa, nainuka, natoka nje ya duka, narudi. Mke wangu ameniuliza kama nimekalia siafu.

Jana bintiyo Mwanaidi alikuja dukani. "Shikamoo, baba mdogo." Marahaba yenyewe ilinitoka kwa shida. Gereji yako ya mtaa wa Gerezani anaiendesha yeye sasa, na kazi anaijua, usiwe na wasiwasi. Anachomeka kile kipande chako cha waya, taa ya injini inaanza kupepesa, naye anahesabu kwa midomo kama wewe mpaka ajue ugonjwa uko wapi. Ila wateja hawaji. Mtaani bado wanaiita gereji ya Muua Kompyuta. Na jina hilo, Salehe, lilitoka kinywani mwangu.

Unalikumbuka lile gari dogo jeupe la mwalimu, mteja wako, mtumba wa Japani. Tangu mambo yawe ruksa magari yanamiminika bandarini, na vipuri vilivyong'olewa kwenye magari ya huko mimi nanunua kwa rundo. Kompyuta ya gari lile, kile kisanduku kinachoongoza injini, ilikufa, nikakuuzia nyingine. Kesho yake ukanirudishia, ukaiweka juu ya kaunta. "Bhai, nikiichomeka hii, taa ya injini haipepesi kabisa. Imekuja ikiwa imekufa. Fungua tuone."

Duka limejaa watu. Badala ya kufungua, mimi nikanyoosha kidole kwenye kibao ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Nikasema umeiunguza mwenyewe na ile testa yako ya balbu. Muua kompyuta we! Watu wakacheka. Wewe hukucheka, wewe uliyenifundisha biashara hii nilipokuwa sijui kutofautisha plagi na fyuzi. Ukaibeba, ukaondoka, hukukanyaga tena kwangu. Ungekuja tu kunitukana, jamani! Miezi minane, mpaka presha ikakuchukua. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, nikimkwepa kila aliyenijua.

Sasa jana Mwanaidi akaitoa kwenye mfuko, imefungwa kitambaa. Akasema baba aliiweka rafuni, alikataza isiguswe, naye anadhani ni mali yangu. Hakunilaumu hata kwa jicho. Akaaga kwa adabu akaenda zake.

Nikaigeuza. Mtindo wangu unaujua: kila kompyuta ninayouza, skrubu zake nazipaka tone la rangi ya kucha ya mke wangu, mjanja asije akaifungua akabadilisha vya ndani. Skrubu zote nne rangi ilikuwa nzima. Hukuifungua wewe, wala mtu mwingine yeyote. Nikachukua bisibisi. Nikazifungua moja moja.

Ndani mlikuwa na tope. Tope kavu, limeganda, na kutu ya kijani kila mahali. Gari lililotolewa kompyuta ile lilizama majini huko huko lilikotoka. Yaani mimi nilipaka rangi juu ya tope, nikauza, kisha nikaapa mbele ya watu kwamba ni wewe. Dakika moja ya bisibisi ilinishinda, Salehe. Kiburi tu! Naona haya mpaka nashindwa kukaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Kibao nimekishusha. Kesho saa nne, mafundi wa Gerezani wakiwa kwenye kahawa yao mbele ya gereji yako, nitaiweka kompyuta hii wazi juu ya benchi waione. Nitawaambia Salehe hakuua kitu, na nitasema kwa sauti ile ile niliyokutukania. Mwalimu nitamfuata mpaka kwake. Wakinicheka, wacha wacheke. Mwanaidi akikataa kunipokea, nitarudi kesho kutwa, na mtondo, mpaka jina lako litoke midomoni mwa watu likiwa safi. Hiyo ni ahadi, na safari hii sina kibao cha kujifichia.

Lala salama, ndugu yangu. Uliniambia, fungua tuone. Nimefungua. Nimeona peke yangu.

Bhai yako,
Jayanti