Kondoo Aliyezunguka Uani

Kihagara,
Wilaya ya Nyasa.
9 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Tadea,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Dodoma? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, na mwanao Ida ni mzima. Nalitanguliza hilo ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa. Kwenye simu nilijaribu, nikakata kabla sijafika mbali.

Yule kondoo jike tuliyepewa na baba mdogo Mansuetus alianza kuinamisha kichwa upande. Kisha akawa anazunguka, daima kushoto, hadi anajigonga kwenye ukuta wa jiko. Majirani wakanong'ona kuwa tumetupiwa kitu. Shemeji yako Egidi akaamua kumchinja, ila nikamwita kwanza bwana mifugo, Praygod, kijana wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku.

Walipomchinja na kulipasua fuvu, Tadea, ndani ya ubongo mlikuwa na kifuko cha maji, kama yai lisilo na ganda, kina vidoadoa vyeupe. Praygod akasema ni watoto wa tegu, ule mnyoo bapa. Tegu mwenyewe hukaa tumboni mwa mbwa aliyekula ubongo wa namna hiyo. Mayai hutoka na kinyesi, kondoo akayala kwenye majani.

"Mbwa wenu huwa anakula vichwa vibichi?" akauliza.

Egidi akamtazama mbwa wetu, aliyelala mlangoni. Kila tukichinja, kichwa ni cha Komando.

"Na mtu je?" nikauliza.

"Ni nadra sana, mama. Lakini hutokea, mikono ikiwa michafu. Hasa watoto."

Ida na Komando mchana hulala mkeka mmoja. Humlisha ugali kiganjani, kisha hujilamba vidole.

Kesho yake natoka kuchota maji, nikamwona Ida uani, kichwa kakilaza begani, anazunguka. Kushoto. Akaanguka. Nilitupa ndoo nikapiga yowe, Egidi akaja mbio na jembe mkononi. Nikamwinua, namwita, namtikisa. Akafumbua jicho moja.

"Mama mkubwa, mimi ni kondoo!" Anacheka.

Sikuweza hata kumgombeza. Nilikaa palepale kwenye tope nikalia, naye akaanza kulia kwa kuniona.

Hata hivyo tulimpeleka hospitali, Mbinga. Daktari alimpima macho, akamtembeza, akamgonga magoti. Akasema haoni dalili yoyote. Ila kichwa kikimuuma mfululizo, akitapika, au akishikwa na kifafa, tumrudishe upesi. Hiyo "ila" ndiyo ninayolala nayo, mdogo wangu.

Egidi alitaka kumuua mbwa. Praygod akamkataza, akampa Komando dawa ya minyoo na kusema irudiwe. Sasa amefungwa mbali na nyumba, na vichwa tutavichoma moto.

Wewe ndiwe mama yake. Ukisema nimlete, nitapanda naye basi. Ukisema abaki, nitamwosha mikono hadi ngozi ichubuke.

Jana jioni alijikuna akasema kichwa kinamsumbua. Nikamvuta mwangani, nikapekua nywele: chawa. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa chawa, Tadea. Jana nilipiga magoti.

Msalimie shemeji Crispin, na mama Otilia wa jirani yako. Baba mdogo anakusalimu sana. Bikira Maria awafunike nyote kwa vazi lake, na huyu wako aliye mikononi mwangu amfunike zaidi.

Dada yako akupendaye na mwenye hofu,
Beata